Kinu na Jiko: Kusafisha Maji ya Rangi kwa Kemia na Viumbe Hai

Leo tutazungumzia maji yanayotoka katika viwanda vya kutia rangi nguo, na namna wataalamu wanavyoziunganisha njia za kemia na zile za viumbe hai ili kuyasafisha. Hata hivyo, kabla ya kufika kiwandani, nawaomba tuanze safari yetu kando ya mto mmoja wa jimbo la Texas, nchini Marekani.

Mto huo unaitwa Trinity. Matawi yake yanakutana katika eneo la Dallas na Fort Worth, miji miwili pacha ya kaskazini mwa Texas, kisha unateremka kuelekea kusini mashariki hadi kwenye ghuba iliyo jirani na mji wa Houston. Miongoni mwa wanaotusikiliza hivi sasa wamo ndugu zetu wengi kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania ambao wamefanya maskani katika miji hiyo mitatu. Huenda baadhi yao hawajui kwamba wanaunganishwa si na lugha ya Kiswahili peke yake, bali pia na maji. Maji yanayotumika bafuni, jikoni na viwandani katika eneo la Dallas na Fort Worth husafishwa, humwagwa katika Mto Trinity, husafiri mamia ya kilomita, na hatimaye huingia katika Ziwa Livingston. Ziwa hilo ni bwawa lililojengwa na binadamu na kukamilika mwaka 1969, na ni mojawapo ya vyanzo vikubwa vya maji ya kunywa ya Houston. Wakati wa kiangazi kikali, mto unapopungua, sehemu kubwa ya maji yanayopita chini ya Dallas huwa ni yale yaliyotoka katika mitambo ya kusafishia majitaka.

Kwa maneno mengine, wasikilizaji wapenzi, maji yanayotupwa na mtu wa Dallas huwa kinywaji cha mtu wa Houston. Hapo ndipo lilipo swali letu la leo. Je, aliye juu ya mkondo anajuaje kwamba maji anayoyaachia ni salama kwa aliye chini yake? Je, inatosha kuyatazama na kuona kwamba yang'aa? Hakuna uchafu unaotufundisha jibu la swali hilo vizuri zaidi kuliko rangi ya nguo.

Tuanze na historia yake kwa ufupi. Mwaka 1856, kijana wa Kiingereza aliyekuwa na umri wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu jijini London kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alichokipata ni uchafu mweusi ambao, alipouyeyusha katika spiriti, ulitoa rangi ya zambarau iliyoshika barabara kwenye hariri. Hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa rangi za viwandani. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka 1858, mkemia wa Kijerumani Peter Griess aligundua mchakato wa kemia uliozaa kundi kubwa kuliko yote la rangi hizo, linaloitwa rangi za azo. Alama yake ni atomi mbili za naitrojeni zilizoshikana kwa kifungo maradufu, kama mikono miwili iliyofumbatana katikati ya molekuli.

Siku hizi malighafi ya rangi hizo haitoki tena kwenye lami ya makaa ya mawe, bali hutoka hasa kwenye mafuta ya petroli. Benzini, ambayo ni chanzo cha rangi nyingi, huzalishwa kwa wingi katika viwanda vilivyojipanga kando ya mfereji wa meli wa Houston, mfereji uliofunguliwa rasmi mwezi Novemba mwaka 1914. Na Texas ndilo jimbo linaloongoza kwa kilimo cha pamba nchini Marekani. Kwa hiyo, ingawa Dallas na Houston si miji mashuhuri kwa kutia rangi nguo, pamba na kemikali zitokazo katika jimbo lao huungana tena katika madumu ya rangi ya nchi za mbali.

Ugumu wa rangi hizi uko wapi basi? Uko katika ubora wake. Rangi nzuri ni ile isiyotolewa na sabuni, isiyopaushwa na jua na isiyoharibiwa na jasho. Sifa hiyo ni neema ikiwa juu ya kanga, na ni balaa ikiwa ndani ya mto. Zaidi ya hayo, si rangi yote inayotiwa katika dumu hushika kwenye nguo. Katika zile rangi zinazofungamana na nyuzi za pamba, sehemu kubwa, na wakati mwingine hata karibu nusu, hubaki katika maji. Rangi kidogo tu inatosha kuupaka mto mzima. Mwanga wa jua hauwezi tena kufika chini, mimea ya majini hushindwa kutengeneza chakula chake, oksijeni hupungua, na samaki hufa.

Njia ya kwanza ambayo binadamu aliitegemea katika kusafisha majitaka ni viumbe hai. Mwezi Aprili mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett, wataalamu wawili wa mji wa Manchester nchini Uingereza, walieleza jinsi walivyopuliza hewa ndani ya majitaka na kulihifadhi tope lililotuama ili litumike tena na tena. Tope hilo lilikuwa limejaa bakteria wenye njaa, na kila lilipotumika liliyasafisha maji kwa muda mfupi zaidi. Houston haikuchelewa kuiga. Kufikia mwaka 1918 mji huo ulikuwa tayari umejenga mitambo mikubwa ya aina hiyo, ikiwa miongoni mwa ya mwanzo nchini Marekani. Hadi leo, zaidi ya karne moja baadaye, tope lenye bakteria hai ndilo mhimili wa usafishaji wa majitaka katika miji mingi ya dunia.

Bakteria hawa ni wafanyakazi wasiodai mshahara. Hula wanga, mafuta, sabuni na mabaki ya chakula, na kuvigeuza kuwa maji, hewa ya kabonidayoksaidi na miili ya bakteria wenzao. Hata hivyo, wanapoletewa rangi ya azo katika tangi lenye hewa, wengi wao huitazama kama mtoto anavyoutazama mfupa mkavu. Molekuli ni kubwa, ni ngumu, na haifanani na kitu chochote walichowahi kukila katika maumbile. Sehemu ya rangi hunasa kwenye tope, na inayobaki hupita na kwenda zake mtoni.

Basi wataalamu wakajaribu hila nyingine, nayo ni kuwanyima bakteria hewa. Katika tangi lisilo na oksijeni, bakteria hulazimika kutafuta mahali pengine pa kutupia elektroni zao, na kile kifungo cha atomi mbili za naitrojeni huwa ndiyo jaa lao. Kifungo hukatika, na rangi hutoweka. Maji yaliyokuwa mekundu kama damu hutoka meupe. Mtu asiyejua angeshangilia, akafungua bomba na kuyaachia.

Hapa, wapenzi wasikilizaji, ndipo tunapopaswa kutahadhari. Rangi imekwenda, lakini vipande vyake vimebaki. Vipande hivyo huitwa amini za kunukia, na baadhi yake ni hatari kuliko rangi yenyewe. Mwaka 1895, daktari wa upasuaji wa Frankfurt nchini Ujerumani, Ludwig Rehn, aliripoti kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha rangi walikuwa wakipatwa na saratani ya kibofu cha mkojo. Utafiti uliofuata kwa miaka mingi ulithibitisha kwamba baadhi ya amini hizo, kama vile benzidini, kwa hakika husababisha saratani. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, ulipiga marufuku rangi za azo zinazoweza kutoa amini hizo katika nguo na ngozi zinazogusana na mwili wa mtu. Kumbe basi maji yaliyopoteza rangi yanaweza kuwa mabaya kuliko yale yenye rangi, kwa sababu yenye rangi humwonya mtu kwa macho, na yasiyo na rangi humdanganya.

Sasa tuigeukie njia ya pili, ambayo ni kemia. Mwaka 1894, mkemia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Henry Fenton, alichapisha uchunguzi wake kwamba madini ya chuma yaliyoyeyushwa, yakichanganywa na haidrojeni peroksaidi, huweza kuivunja asidi inayopatikana katika zabibu. Baadaye ilieleweka kwamba mchanganyiko huo huzaa chembe yenye ukali wa ajabu iitwayo radikali ya haidroksili. Chembe hiyo huishi kwa kitambo kidogo mno, pungufu ya kupepesa jicho, lakini katika uhai wake huo mfupi haichagui inachokishambulia. Chembe hiyohiyo huweza kupatikana kwa ozoni, au kwa kuangaza mionzi ya urujuanimno juu ya maji yaliyotiwa haidrojeni peroksaidi, au kwa unga wa titani dayoksaidi unaopigwa na mwanga.

Katika eneo letu la Dallas na Fort Worth, Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Arlington kimeifanyia kazi elimu hiyo kwa muda mrefu. Profesa Krishnan Rajeshwar wa chuo hicho pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2008 tathmini pana ya namna unga wa aina hiyo ukisaidiwa na mwanga unavyoweza kuzivunja rangi katika maji na hewa. Nao wenzao wa Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston waliongoza kituo kilichoanzishwa mwaka 2015 kwa ufadhili wa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, ili kutafiti matumizi ya chembe ndogo mno katika kusafisha maji. Profesa Pedro Alvarez ndiye aliyekiongoza kituo hicho kilipoanzishwa.

Je, kemia peke yake haitoshi? Inatosha katika chupa ya maabara. Katika kiwanda kinachomwaga maelfu ya lita kila saa, hali ni tofauti. Haidrojeni peroksaidi ina bei, na ozoni hula umeme mwingi. Njia ya Fenton huhitaji maji yawe na ukali wa asidi kama wa siki, na ikimalizika huacha tope la chuma ambalo nalo lazima litafutiwe pa kutupwa. Kubwa zaidi ni kwamba ile chembe kali haichagui. Ukiitia katika maji yenye wanga na rangi, itapoteza nguvu zake juu ya wanga, kitu ambacho bakteria wangekila bure. Na kuivunja molekuli hadi isibaki chochote ila maji na hewa hugharimu mara nyingi zaidi kuliko kuivunja vipande viwili vitatu tu.

Hapo ndipo likaja wazo la kuzifungisha ndoa njia hizi mbili. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Fikirini mama anayetaka kupika makande. Mahindi makavu hayapeleki moja kwa moja jikoni, kwani kuni zingekwisha na punje zingebaki ngumu. Kwanza huyatia kinuni, akayatwanga hadi ganda likatoka, ndipo akayapeleka kwenye moto. Wala hayatwangi mpaka yakawa vumbi, kwa kuwa hiyo si kazi ya kinu. Kemia ni kinu, na bakteria ni jiko. Kemikali kidogo, inayotosha tu kuivunja ile molekuli ngumu iwe vipande laini, kisha bakteria wanakabidhiwa vipande hivyo wavimalize kwa gharama nafuu.

Wataalamu wanajuaje kwamba utwangaji umetosha? Hupima vitu viwili. Kwanza hupima kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia kwa siku 5 wanapokula uchafu uliomo katika maji. Pili hupima kiasi cha oksijeni ambacho kingehitajika kuuunguza uchafu wote kwa kemikali kali. Kipimo cha kwanza kikigawanywa kwa cha pili, jawabu linaeleza ni sehemu gani ya uchafu inayolika. Ikiwa jawabu ni moja ya kumi, bakteria watakufa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Likipanda hadi kufikia nne ya kumi, kinu kimemaliza kazi yake, na kila tone la kemikali linaloongezwa baada ya hapo ni hasara.

Hata hivyo, suala la nani atangulie halina jibu moja. Katika kiwanda kinachofuma na kutia rangi mahali pamoja, nyuzi hupakwa wanga kabla ya kufumwa ili zisikatike, na wanga huo huoshwa baadaye. Majitaka ya namna hiyo yana chakula tele, kwa hiyo ni busara kuwatanguliza bakteria wale kilicho laini, kisha kemia ishughulikie rangi iliyosalia, halafu bakteria warudi mara ya pili kumalizia vipande. Kwa upande mwingine, majitaka yatokayo moja kwa moja katika dumu la rangi yana chakula kidogo na ugumu mwingi, na hayo ndiyo yanayofaa kuanza na kemia. Kwa hiyo kiwanda chenye hekima hakichanganyi maji yake yote katika mfereji mmoja. Hutenga maji ya dumu mbali na maji ya kusuuzia, kama vile mpishi anavyotenga mchele na pumba.

Yapo pia masharti ya ndoa hiyo. Haidrojeni peroksaidi ikibaki katika maji itawaua bakteria wanaofuata, hivyo lazima iishe kwanza. Asidi nayo lazima ipunguzwe. Na kuna adui mmoja ambaye wote wawili hawamwezi, naye ni chumvi. Kutia rangi pamba huhitaji chumvi nyingi, na chumvi haivunjwi na ozoni wala hailiwi na bakteria. Kuiondoa kunahitaji michujo ya utando na mitambo ya kuvukiza maji, ambayo ni ghali. Anayeahidi kwamba njia moja itaponya kila kitu anafanya biashara, hafanyi sayansi.

Wasikilizaji wapenzi, turejee sasa kwenye Mto Trinity, ambako tunaweza kuiona kanuni hii ikifanya kazi kwa ukubwa wa kushangaza. Maji ya huko si ya rangi za nguo bali ni ya majumbani na viwandani kwa jumla, lakini nayo yana mabaki ya dawa, sabuni na kemikali ambazo bakteria hawazimalizi peke yao.

Mto huo ulikuwa na sifa mbaya. Katika miaka ya 1920, idara ya afya ya Texas iliufananisha na mto wa mauti wa hadithi za kale. Kati ya mwaka 1970 na 1985 samaki zaidi ya milioni 1 walikufa humo katika matukio 13, hasa pale mafuriko yalipoukoroga uchafu uliokuwa umetuama chini ya mto na oksijeni ikatoweka. Kilichougeuza mto huo ni sheria ya maji safi ya Marekani ya mwaka 1972, iliyolazimisha miji kujenga mitambo bora, na kuwalazimisha wenye viwanda kuusafisha uchafu wao mgumu ndani ya viwanda vyao kabla ya kuuingiza katika mabomba ya mji. Samaki wakarudi.

Leo, mashariki mwa Dallas, Shirika la Maji la Kaskazini mwa Texas lina ardhi oevu iliyotengenezwa na binadamu yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 700. Maji ya mto, ambayo sehemu kubwa yametoka katika mitambo ya majitaka, husukumwa humo na kupita polepole katikati ya matete na mimea mingine kwa muda wa siku 7 hadi 10. Mimea na bakteria wa mizizini huondoa tope, naitrojeni na fosforasi. Kisha maji husafirishwa kwa bomba la kilomita 70 hivi hadi Ziwa Lavon, na kutoka hapo huingia katika mitambo ya kusafishia maji ya kunywa huko Wylie, ambako ozoni ilianza kutumika mwaka 2014. Baada ya ozoni, maji hupita katika vichujio vyenye bakteria, ambao hula vile vipande vilivyoachwa na ozoni. Tazameni mpangilio huo: viumbe hai, kisha kemia, kisha viumbe hai tena. Ni jiko, kinu, na jiko. Nayo Houston, ambayo kupitia mradi wa Luce Bayou huyaleta maji ya Trinity hadi Ziwa Houston, imeiweka ozoni katika upanuzi wa mitambo yake ya kaskazini mashariki ya mji.

Pengine msikilizaji wetu wa Dar es Salaam, Eldoret au Jinja anauliza, sisi haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China na kuzinduliwa mwaka 1968, kilikuwa fahari ya taifa, na vitenge vyake vilivaliwa nchi nzima. Lakini kwa miaka mingi maji yake yaliishia katika vijito vinavyolisha Mto Msimbazi, mto ambao katika bonde lake watu hulima mchicha na mboga nyingine zinazouzwa katika masoko ya jiji. Kama ilivyo kwa Dallas na Houston, aliye juu ya mkondo na aliye chini yake walikuwa wakila sahani moja bila ya kujuana. Tofauti ni kwamba kule sheria, fedha na mitambo vilisimama katikati yao.

Dalili njema hazikosekani katika eneo letu. Nchini Ethiopia, eneo la viwanda vya nguo la Hawassa lililozinduliwa mwaka 2016 lilijengwa pamoja na mtambo unaokusudiwa kuyarudisha maji kiwandani badala ya kuyamwaga ziwani. Nchini Kenya, kiwanda cha Rivatex cha Eldoret kilinunuliwa mwaka 2007 na Chuo Kikuu cha Moi, na hivyo mwanafunzi wa kemia na dumu la rangi wakawa chini ya mwenye mali mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wana uzoefu wa miaka mingi katika mabwawa na ardhi oevu za kutengenezwa, ambazo huhitaji umeme kidogo mno. Na jua, ambalo huko Texas huliwa nusu na majira ya baridi, sisi tunalo mwaka mzima. Mwanga wa jua huongeza nguvu ya njia ya Fenton, jambo lililokwisha thibitishwa na utafiti wa nchi mbalimbali. Kinu cha jua na jiko la matete si ndoto kwa Afrika Mashariki. Kinachohitajika ni kipimo, sheria, na mtu wa kuisimamia.

Nisiwasahau akina mama na vijana wanaotengeneza batiki majumbani, maana nao ni kiwanda. Maji ya batiki yana rangi, magadi makali yaitwayo kostiki soda, na dawa ya haidrosalfaiti. Wengine, wakiona aibu ya maji mekundu kutiririka mbele ya jirani, humimina ndani yake dawa ya klorini ya kupaushia nguo mpaka maji yakawa meupe. Baada ya kusikiliza makala hii, naamini mnafahamu kwamba hiyo ni kuificha rangi, si kuiondoa sumu, na klorini huweza kuzaa kemikali nyingine mbaya zaidi. La kheri ni kulitumia dumu moja kwa vitambaa vingi kadiri iwezekanavyo, kutia vya rangi nzito kwanza na vya rangi hafifu mwisho, na kutomwaga chochote karibu na kisima, kijito wala bustani ya mboga. Pale walipo watengenezaji wengi mtaa mmoja, kuungana na kuiomba halmashauri au chuo kilicho jirani msaada wa shimo la pamoja la kusafishia maji ni jambo lenye manufaa kuliko kila mmoja kujificha na ndoo yake.

Wapenzi wasikilizaji, jicho ni shahidi mzuri wa mambo mengi, lakini katika suala la maji ushahidi wake hautoshi. Maji mekundu husema uongo mchache kuliko maji meupe yasiyopimwa. Kemia peke yake hutufilisi, bakteria peke yao hutudanganya, na vyote viwili vikipangwa kwa utaratibu humwezesha aliye chini ya mkondo kunywa bila hofu. Na sote, tukitazama vizuri, tuko chini ya mkondo wa mtu fulani.